Kurasa Alizonificha Mama Mkubwa

Huonville, Tasmania
3 Novemba

Mama Mkubwa Loveday,

Shikamoo. Vidole vinaendeleaje na baridi ya Cornwall? Mimi mzima, ila nimechoka. Kutwa niko kwenye mitufaha ya watu.

Kitabu changu cha uchawi nimekianza. Ni faili lenye pete, nimeligawa kwa karatasi za rangi: majani, mwezi, sikukuu, ndoto. Kurasa ulizonipa nazinakili kwa mkono, kama ulivyonifundisha. Tarehe 31 Oktoba nikafanya usiku wa wafu, neno kwa neno. Nikamwita mama. Hakuja. Unadhani ana kinyongo kwa kuwa sikuja kumzika?

Mwanao,
Tegen

St Just, Cornwall
25 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Vidole ndiyo hivyo, kalamu inanidondoka.

Wewe nawe. Oktoba huko kusini mwa dunia si ndiyo mitufaha inachanua? Unaita wafu wakati kila kitu kinaamka, nani akusikie? Sikukuu zote zigeuze, wafu wahamie tarehe 30 Aprili. Na ule mduara wa kuitia wafu uzungushe kwa kufuata jua la huko, si la kwetu. Umefanya vizuri kuchukua faili, kurasa zinahamishika. Changu kilishonwa, makosa yamekaa humo humo.

Kinyongo? Mdogo wangu hakuwa na kinyongo hata na jogoo wa jirani.

Mama Mkubwa

Huonville
2 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo. U mzima kweli? Tangu Krismasi kimya.

Nimegeuza kila kitu. Majani yameanguka, ukungu umetanda, mduara nimeuzungusha upande wa pili. Nikamwita mama hadi sauti ikakauka. Hakuja. Basi tatizo ni mimi. Nimechoka, nataka kulitupa hili faili. Kabla sijalitupa, niazime kitabu chako chenyewe, nione ulipomwita mumeo, marehemu Baba Mkubwa Petroc, alikujibu nini.

Mwanao,
Tegen

St Just
30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimehamia nyumba ya wazee, ngazi zimenishinda.

Kitabu nimekichoma. Desturi yetu unaijua, mchawi akifa kitabu chake kinachomwa, nami sikutaka wageni wanifanyie. Lakini si hilo tu. Nilikupa unakili maneno ya kusema. Yaliyotokea baada ya kuyasema sikukupa. Petroc nimemwita miaka kumi na tisa, hajaja hata mara moja. Niliona aibu, mwalimu mzima.

Mama Mkubwa

Huonville
20 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa kuhama. Chakula cha huko kinalika?

Nimekukasirikia, nisipokuambia nitapasuka. Miezi minane nimelala nikijua mama kaninunia. Ungenionyesha ukurasa mmoja tu, ningejua wako naye haji. Hizo ndizo kurasa nilizozihitaji. Niandikie unachokikumbuka, hata kimoja. Nafasi nimeiacha kwenye faili.

Mwanao bado,
Tegen

St Just
14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Chakula hakina chumvi. Mwandiko ni mbaya, vumilia. Niwie radhi.

31 Oktoba, mwaka wa kwanza tangu Petroc afe. Mvua. Nimeandaa sahani mbili, samaki na viazi. Nimemwita kwa jina lake, kisha kwa lile nililomwita tukiwa wawili tu. Hakuja. Nimekula changu, nimekula na chake, nimeosha sahani zote mbili.

Mama Mkubwa