Mwangwi wa Sebuleni

Alhamisi

Kumbe kipaza sauti hakina shida. Mhariri wa redio amenirudishia mara mbili ile ripoti ya wakulima wa Sondu waliosombewa mahindi na mto. Anasema sauti yangu inatoka kama niko ndani ya tangi. Ikirudi hivyo tena, itasomwa na mtu wa Nairobi ambaye hajafika Sondu. Hilo lilininyima raha, nakiri.

Leo nilibadilisha waya, nikazima friji. Wapi. Mwishowe nikapiga makofi katikati ya sebule, kuta zikanijibu. Mama Akinyi ameondoa mapazia, zulia na vitambaa vyote vya viti, amevifua kwa ajili ya jumuiya ya kanisa itakayokutana hapa kesho. Mke wangu ameniachia saruji tupu.

Nikaburuta godoro letu, nikalisimamisha mbele yangu.

"Baba Akinyi, wamama wa kanisa wakikuta hilo hapo watasema nimekufukuza chumbani."

"Waambie ni kazi."

"Wanaume wote husema hivyo."

Nilisoma mara moja tu. Mhariri amejibu: "Sasa nakusikia. Inaenda hewani asubuhi."

Watu wa Sondu watasikia habari yao kutoka kwa mtu waliyemtembeza mashambani.