Wosia Niliouharibu kwa Saini Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Nimegeuza kahawa kichanjani tangu alfajiri. Mgongo unauma. Kahawa si yangu, ni ya marehemu Kaka Gaudensi, lakini mjane wake, Shemeji Otilia, hawezi yote peke yake. Usipa wangu, dagaa wa ziwani Mbamba Bay, nilishauza, magunia mawili, kabla wenzangu hawajafungua meza zao. Mimi ni mimi.

Saa nane mchana nimesikia kikohozi nyuma ya nyumba. Kile cha Kaka, mara mbili fupi, moja ndefu. Nikazunguka. Mbuzi tu. Na mbuzi hakohoi vile.

Wiki ya saba tangu tumzike.

Alhamisi, 6 Juni
Kikao cha ukoo. Tumekula kwanza, wanaume wote sinia moja, kama sengu, mila yetu ya kula pamoja, inavyotaka, ndipo maneno. Baba mkubwa Damiani akasema nyumba na mashamba virudi kwa ukoo. Watoto wagawanywe kwa baba zao wadogo. Shemeji arudi kwao Mbaha, ziwani.

Nikamwacha amalize. Wosia ulikuwa mfukoni mwangu. Nikausoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: nyumba, kahawa na shamba la ngolo, lile la mashimo mlimani, kwa mke na watoto. Koti jeusi kwa mdogo wangu, yaani mimi. Chini, saini yangu ya ushahidi, ina mikia kama ya waziri.

Baba mkubwa hakubisha. Alicheka. "Tukutane mahakamani, mwanangu, na hiyo karatasi yako."

Sijapenda kicheko kile.

Jumanne, 11 Juni
Mahakama ya mwanzo. Karani kasoma dakika moja tu. Koti kapewa nani? Mimi. Saini ya nani? Yangu. Akasema shahidi hatakiwi kuwa mtu anayepewa kitu. Na shahidi wa pili, alisaini marehemu akiwepo? Hapana. Nilimpelekea karatasi kilabuni kesho yake, kati ya komoni moja na nyingine. Karani akaikunja, akanirudishia. Wosia hausimami. Ni kama Kaka hakuandika kitu.

Mimi nimelala Nkhata Bay. Nimekula Lusaka. Nimevuka mipaka bila karatasi yoyote. Karatasi moja ya nyumbani imenishinda.

Kaka alitaka kwenda kwa mwanasheria. Nikamwambia wa nini, mimi nipo. Hata lile koti hakuwa ameliandika. Nilimtania, ndugu yako hata kandambili hunipi? Akacheka mpaka akakohoa, akaongeza mstari.

Jumatano, 12 Juni
Koti liko msumarini chumbani kwangu. Mchana, jua kali, limesimama kama mtu aliyenipa mgongo. Naogopa. Mwanaume mzima.

Jumamosi, 15 Juni
Kikao tena. Wamenichagua mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Nikashangaa, kisha nikaelewa. Baba mkubwa alinivuta kwenye migomba. Orodha ya mali niiandike anavyotaka yeye, na mibuni ya bondeni itakuwa yangu. Sikukataa. Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo niseme ukweli: kichwani nilishaanza kuipalilia.

Shemeji alikuwa anafunga vyombo kwenye kanga. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 20 Juni
Mbamba Bay. Nasema nimefuata usipa. Nimekimbia.

Huku wananiita Profesa kwa sababu ya midomo yangu. Leo hawakupata hata utani mmoja. Asubuhi mtu alikuwa ameinama majini ananawa miguu. Mabega ya Kaka kabisa. Nikaita jina lake. Akageuka mtu wa Lipingo, mstaarabu, akaniamkia. 

Kaka amenifuata mpaka ziwani. Anachotaka nakijua.

Jumanne, 16 Julai
Tangazo la mirathi limemaliza siku zake kwenye ubao wa mahakama, leo tumeitwa. Hakimu ni mama wa miwani, sauti ya chini. Akaniuliza kama naielewa kazi ya msimamizi. Nikasema naielewa sana. Kisha nikasema siielewi. Akatabasamu, akanieleza. Mali si yangu. Nakusanya, nalipa madeni ya marehemu, nagawa kwa warithi, narudi na fomu kuonyesha nilivyogawa. Nikificha kitu, nashitakiwa.

Baba mkubwa akasimama, akasema shamba ni la ukoo. Hakimu akanigeukia. Shamba lilitengenezwa na nani?

Nyuma ya benchi mtu akakohoa. Mara mbili fupi, moja ndefu. Sikugeuka.

Nikasema, "Mheshimiwa, lile lilikuwa pori walipooana. Kaka alifyeka na kupanga nyasi, kazi ya mwanaume inaishia hapo. Mashimo ya ngolo kachimba Shemeji, miaka kumi na saba. Na wosia niliuharibu mimi, si yeye."

Hakimu aliandika muda mrefu. Akasema jasho la mke litengwe kwanza. Kinachobaki ndicho mirathi, na hicho ni cha watoto. Mama yao hatoki kwenye nyumba ile.

Nje, Baba mkubwa akasema, "Umeuza ukoo."

"Mimi nauza usipa tu, baba mkubwa. Shikamoo."

Nilitembea wima mpaka kona. Baada ya kona nikakaa chini. 

Jumatatu, 5 Agosti
Nimeandika orodha. Nyumba. Mibuni yote, na ya bondeni. Shamba la ngolo. Mashine ya kumenya kahawa. Mbuzi wanne. Koti moja jeusi. Koti limeangukia kwa binti yake mkubwa, analivaa kwenda shule. Mikono imemzidi, lakini baridi ya Mbinga haichagui.

Wanaukoo hawaniitikii salamu. Inauma.

Jumapili, 22 Septemba
Fomu ya mwisho nilipeleka Ijumaa. Jalada limefungwa.

Baada ya misa nilimpelekea Shemeji usipa wa mboga. Tumeongea habari za mvua. Tangu msiba mlango wake ulikuwa wazi kutwa, wanaukoo wakiingia na kutoka bila hodi, wakipima kuta kwa macho. Nilipoaga alinisindikiza mpaka kizingitini tu. Nikateremka. Nyuma yangu nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Nikasimama kidogo njiani. Kisha nikaenda zangu.