Kitenge cha Komuhangi na Skrini ya Evas

Jumatatu, 9 Aprili 2018

Evas, mtoto wa dada yangu Ketura, kapiga simu kutoka Bwera. Skrini ya chumba chake cha gemu imechoka. Timu nyekundu na timu ya rangi ya chungwa zinafanana, wachezaji wanapasia adui, halafu wanagombana. Na Jumamosi kuna mashindano na vijana wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Bosi wao, Sosthène, amesema akiona rangi mbovu mara moja tu, mashindano yanahamia kwake. Na wateja nao.

Evas anataka mimi nimchagulie skrini mpya hapa Kasese. Amepata mtu. Mafuriko ya mto Nyamwamba yalipobeba vitu Kilembe, nani alitambua godoro lake kati ya magodoro mia tatu yanaelea, kwa rangi tu? Mimi, Blasio. Ketura anasema magodoro yalikuwa mawili. Hakuwepo.

Jumanne, 10 Aprili

Dukani kwa Nobert. Skrini mbili, ukubwa sawa. Moja picha yake iko mbio sana. Nyingine polepole kidogo, lakini Nobert anasifia rangi. Wauzaji hawa.

Nilikuja na kipimo changu — kitenge cha Krismasi cha mke wangu Komuhangi, kile cha ndege wekundu na kijani. Sokoni Mpondwe hakuna mwenye akili ananunua kitenge bila kukitoa juani kwanza. Sasa skrini iko na tofauti gani? Nikapiga kitenge picha pale nje, Nobert akaiweka kwenye skrini zote mbili, nikasimama mbele nimeshika chenyewe mkononi. Wateja wakaacha shughuli zao. Skrini ya mbio: ndege yuleyule! Ile nyingine pia, lakini mimi napenda mbio.

Nobert akasema, mzee, kaa pembeni kidogo pia uangalie. Nikamjibu mimi sikuzaliwa mtu wa pembeni. Duka lote likacheka. Nikabeba ya mbio.

Jumatano, 11 Aprili

Komuhangi anatafuta kitenge chake. Nimemwambia atafute vizuri. Kiko ndani ya begi langu — nakihitaji Bwera, watu wajue nilivyopima.

Alhamisi, 12 Aprili

Bwera. Evas amesimama mbele ya skrini mpaka chai ikapoa. Mjomba, wewe si wa kawaida, anasema. Amebandika karatasi mlangoni: RANGI SAFI KULIKO KASINDI. Maneno ni yangu.

Jumamosi, 14 Aprili

Chumba kimejaa. Benchi moja refu, wote wamebanana. Nimewaachia wageni katikati, mimi nimekaa mwisho, kwenye ukuta. Na hapa ndipo nimeona.

Uwanja wa kijani umekuwa maji ya maharage. Nyekundu na chungwa ni ndugu wa tumbo moja. Nikiinama kuelekea katikati — ndege wa Komuhangi kabisa. Nikirudi — maharage. Kumbe Nobert alimaanisha hivi.

Hakuna aliyeona bado. Evas ananitazama kila bao, anacheka, meno yote nje. Basi nimejipanua, asikae mtu mwingine upande huu akaona. Mguu huku, daftari hili juu ya goti, na nafasi iliyobaki nimetandika kitenge.

Sosthène amesimama mbele yangu. Vieux, anasema, yaani mzee kwa Kifaransa chao, sogea, mutu mumoja hawezi kujaza benchi. Nimemwambia hapa pamewekwa, kuna mheshimiwa anakuja. Mheshimiwa gani, anauliza. Nimemwambia ataona.

Evas kaja kuninong'oneza: Mjomba, mgeni hawezi kusimama kwangu, ni aibu. Nimemwambia mwanangu, niamini. Hajacheka safari hii.

Sasa mlangoni — Ketura anaingia. Amekuja na Komuhangi! Mke wangu amesimama pale, anatafuta pa kukaa, macho yanapita juu ya benchi.

Nikikivuta kitenge, Sosthène anakaa, anaona maharage. Nikikiacha — ameshakiona. Anakuja.