Kuzama Kwenye Maji ya Magoti

Monicah, usicheke. Leo asubuhi nimekaribia kufa baharini.

Sikufa. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Unajua tangu niachishwe kazi ya kufua hotelini nimekaa tu hapa Msambweni, nikingoja mjukuu atoke shule nipate mtu wa kumpikia. Nikasema la, miaka hamsini na mitatu si ya kukaa. Nikajiunga na kina mama wanaolima mwani. Mimi, niliyefua mataulo ya waogeleaji miaka yote bila kulowesha hata kidole!

Wenzangu walivaa suruali. Mimi nikafunga leso, nikaikaza kama naenda kanisani. Likaja wimbi dogo, leso ikanibana miguu, nikaanguka chali. Monicah, nilipiga mayowe! Nikaaga kabisa: "Mwambieni Gillian sufuria kubwa ni yake!"

Mwanasiti, kiongozi wetu, akaniambia polepole, "Mama Gillian, hebu simama kwanza."

Simama!

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Hakuna aliyecheka. Mmoja akanilegezea leso, mwingine akanifuta mchanga usoni. Nilipoanza kucheka mwenyewe ndipo wakaangua kicheko, mpaka Mwanasiti akakaa majini.

"Kesho uje tena," akasema, "na hiyo sufuria uje nayo."

Sijacheka hivyo tangu kazi iishe.

Sasa ile suruali yako ya mazoezi, uliyoivaa siku moja ukachoka, nitumie leo hii. Sufuria nimeshaisugua.