Modemu ya Baba Inangoja Mlio

Jumanne, 9 Machi

Baba ametutoka alfajiri. Naandika nisije nikaamka kesho nikadhani nimeota. Baba mdogo kasema maziko ni Ijumaa, hakuna kungoja. Mama ana ombi moja tu: Kapteni aambiwe kwanza.

Kapteni ni kaka yangu — mpishi wa melini. Jina hilo la utani kapewa na baba. Meli yake haipatikani kwa simu. Ni barua pepe tu, na anwani imo kwenye kompyuta ya baba, ambayo hatukuruhusiwa hata kuifuta vumbi. Na simu ya nyumbani imekufa tangu ile dhoruba.

Jumatano, 10 Machi

Fundi simu kaniazima simu yake ya mkononi na kebo ya kuiunganisha na modemu, kile kijisanduku ambacho kompyuta hupigia simu. Kasema kompyuta ni kongwe, nipunguze kasi ya modemu. Haraka haraka haina baraka. Nimepunguza. Nimejaribu kutwa. Jibu lile lile: hakuna mlio. Nikamwambia simu yako mbovu. Akaipigia papo hapo, ikaita. Niliona haya.

Shangazi kachungulia. Kauliza nacheza nini na baba yangu hajazikwa. Nimelia baadaye, bafuni.

Alhamisi, 11 Machi

Nimejua! Nimeiweka ile simu sikioni — kimya. Simu ya waya ukiinua mkono wake inalia tuuu, ndipo unapiga. Hii haina mlio, unapiga tu. Modemu ilikuwa inangoja kitu ambacho hakiji. Kwenye mipangilio kuna kisanduku: subiri mlio kabla ya kupiga. Baba alikitia alama. Nimeifuta. Sijawahi kubadilisha kitu chake.

Ikapiga. Ikashika! Barua yangu nimeshaiandika, mistari mitatu, lakini programu ya baba hupokea kwanza ndipo itume. Imeshuka moja, ya Jumatatu. Ya Kapteni.

Anasema: mzee, nimepata likizo, natua Jumamosi asubuhi. Usimwambie mama, nataka kumshtukiza. Njoo unipokee wewe peke yako.

Jumamosi. Siku moja tu baada ya maziko! Namsikia baba mdogo uani, anaelewana na wachimba kaburi wa kesho.

Mama kaingia, kakaa kitandani nyuma yangu. Kaisikia modemu. Anauliza Kapteni kasemaje.