Chetezo Katika Chumba cha Arobaini

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakusalimu wewe na kichanga chako, ambaye natamani kumpakata kuliko ninavyotamani kupona. Mamako ni mzima. Ameenda sokoni, nami naandika kabla hajarudi.

Waniuliza kwa nini amekukataza kumfukiza mtoto ubani. Yeye hatakwambia. Miaka ya themanini, kabla yako, alimzaa kakako Swaleh hapa kwangu Malindi. Nikawaweka ndani, yeye na mtoto, kwa siku arobaini za uzazi kama ilivyo ada yetu. Nilifunga madirisha upepo usimpate mtoto, na chetezo cha makaa na ubani hakikuzimika. Mtoto akaanza kukohoa.

"Mama, tufungue dirisha," mamako akasema. "Moshi wamtesa."

"Mzazi wa juzi wewe, wanifundisha mimi kulea?"

Nami nilikuwa mwalimu. Wiki ile ile nilikuwa nimewaeleza wanafunzi wangu jinsi moshi unavyodhuru mapafu. Tulipomfikisha Swaleh hospitali, kifua kilikuwa kimeshambana. Hatukurudi naye.

Mamako hajanilaumu hata siku moja. Hunipikia uji, hunikanda miguu. Kila nikimwona mwanamume wa rika ambalo Swaleh angekuwa nalo, humtazama mpaka apotee njiani.

Ubani uufukize ukumbini, wageni wakija. Chumba cha mtoto kipate hewa. Na mamako akija kwako, nami nikiwa sipo tena, mwambie lile lililonishinda kumwambia: kwamba siku ile yeye ndiye aliyesema kweli.

Bibi yako