Nalinda Mto, Mama Mkwe Yumo Ndani

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako, na ukikosa msaada nipe hata sikio, maana huku kila ninayemweleza anacheka kwanza halafu ndio ananiambia pole, na mimi pole nimezichoka.

Mimi ni mlinzi wa mto. Zamani nilikuwa mvuvi kama wenzangu, lakini samaki walituishia, ikawa unatega jioni, asubuhi unavuta majani na ndala, mpaka wakaja watu wa mradi wakakaa na sisi wavuvi tukakubaliana kwamba pale mto unapopinda, kwenye kilindi chenye matete, ndipo samaki wanapotaga na kukulia, basi pafungwe, mtu asitie wavu wala ndoano, tuvue kule chini kwa nyavu za macho makubwa, na kila mvuvi akapewa mizinga ya nyuki ili awe na pa kushika wakati mto unapumzika. Mkutano ulikuwa mzuri, wanawake walitupikia tukala tukashiba, na mwisho nikachaguliwa mimi kulinda, kwa posho kidogo, kwa sababu walisema sina upendeleo. Wangejua.

Na kweli mto ulirudi, Shangazi. Kambale wapo, perege wapo, hata fisi maji, ambaye wanangu walimjua kwa hadithi tu, nimemwona kwa macho yangu anaota jua juu ya jiwe, na wavuvi wa chini wakaanza kupata samaki wa kuuza, siyo wa kumwonjesha paka. Nami nililinda kweli. Nilimkamata fundi baiskeli na wavu wake kilindini, tukaukata mbele ya watu kama tulivyokubaliana, ameninunia mpaka leo na sikujali.

Sasa sikia yaliyonipata. Wanawake wameanza kuingia kilindini na vyandarua. Wanaingia mchana kweupe, wanakunja nguo juu ya magoti, wanashika chandarua huku na huku wanakokota kwenye matete, wanazoa vidagaa visivyofika kidole. Siku ya kwanza nilikwenda mbio na filimbi yangu mdomoni, nikafika ukingoni, nikamwona aliye mbele kabisa ni mama mkwe wangu, mama aliyemzaa mke wangu, yuko majini na nguo ameikunja mapajani. Ningefanyaje? Nilimeza filimbi, nikageuza shingo, nikasimama nimewapa mgongo nikitazama mashamba ya watu. Akaniita kwa upole kabisa, “Karibu mwanangu, ila sisi huku tuko majini,” na wenzake wakacheka mpaka maji yakaruka.

Tangu siku hiyo wameshanijua. Hawaingii mtoni bila yeye. Hata siku goti linamsumbua wanamfuata nyumbani wanamshika mkono wanamtanguliza, halafu nyuma yake wanakokota watakavyo, na mimi nasimama nimegeuka mpaka shingo inauma. Watu wameshanipa jina, wananiita Bwana Shingo, hata watoto wangu wanaitwa watoto wa Shingo.

Nimemwomba mke wangu aseme na mama yake, akaniambia nikimdhalilisha mama yake nitafute wa kunipikia. Na jioni jioni bakuli linakuja kutoka kwa mama, limefunikwa vizuri, mke wangu analiweka mezani, mboga ninakula, bakuli linaoshwa linarudi, na ya kesho ndio hayohayo. Juzi fundi baiskeli amenisimamisha njiani mbele ya watu, akaniuliza bila hata kupaza sauti, “Wangu ulikatwa. Cha mkweo kitakatwa lini?” Jumatatu kuna kikao cha kamati, na mwenyekiti amenieleza wazi kwamba wanaume wamesema kama chandarua kinaingia kilindini basi na nyavu zao zitaingia, na wakiingia wao hakitabaki kitu, tutarudi kuvuta ndala.

Shangazi, nimechoka. Nikisema, navunja nyumba yangu na heshima ya mkwe, nikinyamaza, mto unakufa mikononi mwangu. Niache kazi? Nihame? Nipe neno kabla ya Jumatatu.

Wako, Bwana Shingo

SHANGAZI ANAJIBU

Bwana Shingo, marahaba. Pole, na hii nakupa bila kucheka, ingawa pale pa kumeza filimbi nilikaribia. Nimesoma barua yako mara mbili, nikachoka pamoja na wewe, na sasa tuambiane ukweli.

Kwanza, kuhama hakuna. Na kutomkaripia mama mkwe akiwa amekunja nguo, hapo sikulaumu hata kidogo, ungemkaripia ningekupa makavu mengine. Lakini mwanangu, heshima ilikutaka ugeuze shingo. Nani alikwambia ugeuze na akili? Ungegeuka siku ile, ukaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti ukamwambia yamenishinda, leteni mwanamke alinde. Hukwenda. Ulisimama pale kama mwamvuli wa hao kina mama, kila siku, na posho unapokea.

Pili, umeniandikia barua ndefu, ukapenyeza maneno mawili katikati ukidhani macho ya Shangazi yamezeeka. “Mboga ninakula.” Hao unaokula wangekuwa samaki wa mwakani, na wewe ndiye uliyewekwa uwalinde. Fundi baiskeli akijua kilichomo kwenye bakuli lile hatakuuliza tena kwa sauti ya chini, na atakuwa na haki. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Tatu, na hili ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana wewe hata hukuliona ulipokuwa unaliandika. Mlikaa wavuvi mkakubaliana. Wavuvi gani? Wenye nyavu, yaani wanaume. Mizinga ikagawiwa wavuvi. Wanawake walikuwa wapi? Wanawapikieni. Haya, niambie, kabla ya mto kufungwa, mama mkwe wako alikuwa anapata wapi mboga yake? Si hapohapo ukingoni, kwenye matete? Mlifunga jiko la mtu yeye akiwa jikoni anawapikia, hamkumuuliza, hamkumpa hata nyuki mmoja, halafu mnashangaa amerudi na chandarua. Simtetei. Chandarua kinazoa mpaka mayai, na akiendelea hivyo wajukuu zake, ambao ni wanao, hawatamwona kambale. Anakosea. Ila hakuvunja makubaliano yake, kwa sababu hakuna mtu aliyekubaliana naye.

Sasa fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumatatu.

Nenda leo kwa mwenyekiti. Usiende kulalamika, nenda ukaseme umeshindwa, useme na habari ya bakuli, yote, kwa mdomo wako. Itakuuma kwa siku moja, lakini ikisemwa na fundi baiskeli itakuuma mpaka uzeeni. Kisha mwambie kikao cha Jumatatu hakikaliwi bila wanawake wanaoingia mtoni, wakae kwenye viti kama nyinyi, na siku hiyo mpike nyinyi wanaume. Wali ukiungua, uleni hivyohivyo.

Hapo kikaoni mizinga igawiwe upya, wewe uanze kwa kutoa mmoja wako. Watu wa mradi waulizwe ni sehemu gani ya maji mafupi, kule chini ukishapita kilindi, wanawake wanaweza kuvua kwa vikapu, na ni wakati gani samaki wadogo wanakuwa wameshatoka. Mlinzi wa pili awe mwanamke, na asiwe mkweo, msimpe ulinzi kama peremende ya kumnyamazisha. Yakishakubaliwa hayo na wote, wao wakiwemo, ndipo vyandarua vikatwe, cha mkweo kikiwemo, mbele ya fundi baiskeli. Akipenda akikate mwenyewe.

Mkeo usimtume tena kwa mama yake, umemweka mahali pabaya mno, muombe radhi. Mambo ya wakwe hayapelekwi kwa filimbi, yana watu wake. Kama una dada mkubwa, mtume yeye. Huna, tafuta mama mtu mzima mwenye busara upande wenu.

Na jioni ya leo bakuli litakuja, maana Jumatatu bado. Usile. Usilimwage wala usilifunue mbele ya watoto. Mpe dada yako, au huyo mama mwenye busara, alirudishe likiwa limejaa, na asiseme maneno mengi, aseme tu, “Mwanao anashukuru, mama. Hawa walikuwa bado wanakua. Jumatatu amekuwekea kiti.” Mama atanuna, huenda akalia, huenda akakutaja vibaya kwa majirani. Vumilia, kitakachomfikia ni kile kiti.

Wewe usiku huo lala bila mboga. Hao waliomo majini na vyandarua wamelala hivyo mara nyingi, tangu siku ile mliyoshiba mkafunga mto.

Shangazi